Hewa Njema ya Mombasa

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 1498, merikebu tatu za Kireno zilitia nanga nje ya lango la bandari ya Mombasa. Mkuu wao, Vasco da Gama, hakuthubutu kuingia ndani. Alikwisha kugombana na watu wa Kisiwa cha Msumbiji, naye alijua kwamba habari za pwani hutangulia tanga. Mfalme wa Mombasa, alikuwa na hila moyoni au hakuwa nayo, alifanya afanyalo mwenyeji: alipeleka kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa.

Miongoni mwa mabaharia hao alikuwamo mtu mmoja mwenye shajara. Jina lake hakuliandika, ingawa wanahistoria wengi wanamdhania kuwa Álvaro Velho. Aliandika kwamba walipofika katika mji huo Mungu aliwarehemu, wagonjwa wao wote wakapata afya, na sababu aliitaja bila kusita: hewa ya mahali hapa ni nzuri sana. Machungwa aliyataja pia, lakini kwenye orodha ya zawadi, si kwenye habari ya uponyaji. Aprili ni mwezi wa masika. Anayeijua Mombasa ya wakati huo, fukuto lake na mbu wake, atashangaa hewa gani ilisifiwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umewaanza miezi kadhaa nyuma. Walitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Kutoka visiwa vya Cape Verde walijitupa katika Atlantiki, wakakaa zaidi ya miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Januari 1498 walipoingia katika mto wa Quelimane, kwenye nchi ambayo leo ni Msumbiji, walilazimika kukaa siku 32, na hapo wengi walilala. Mikono na miguu ilivimba. Fizi zilikua zikafunika meno, mtu akawa hawezi kutafuna chochote. Sisi tunauita kiseyeye. Hauna kijidudu, haumwambukizi jirani, hauletwi na uchafu wala baridi. Unaletwa na kitu ambacho hakipo, na hapo ndipo penye taabu yote ya historia yake, maana ni vigumu kumshtaki asiyekuwapo.

Chakula cha merikebu zile kilikuwa biskuti ngumu, nyama na samaki wa chumvi, kunde, mafuta ya zeituni na divai. Shibe ilikuwapo. Kilichokosekana ni vitamini C, ambayo binadamu hawezi kujitengenezea. Mbuzi anaitengeneza, paka anaitengeneza, hata panya wa ghalani aliyekuwa akitafuna biskuti za Wareno aliitengeneza ndani ya ini lake. Binadamu, pamoja na nyani na kima, alipoteza uwezo huo zamani sana katika ukoo wake. Jeni inayohusika bado tunayo, lakini imeharibika. Kwa kuwa mababu wa ukoo huo walikula matunda na majani kila siku, hasara hiyo haikuwaumiza, na haikumuumiza mwanadamu naye mpaka alipojifunza kuishi miezi mitatu bila jani.

Kazi moja kubwa ya vitamini hiyo ni kuusaidia mwili kusokota kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia ngozi, fizi, mishipa ya damu na mifupa. Wazee wa Lamu waliounda mtepe wangenielewa upesi: chombo kile hakikuwa na msumari, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi. Kamba zikiacha kusokotwa, mbao hubaki nzima lakini chombo kinafumuka. Ndivyo mwili wa mgonjwa wa kiseyeye unavyofumuka. Damu huvuja chini ya ngozi, meno hulegea, na kovu la zamani hufunguka upya, kwa sababu hata kovu huhitaji kukarabatiwa kila siku. Mwili wenye akiba nzuri huweza kustahimili miezi miwili, mitatu, wakati mwingine minne. Baada ya hapo huanza kulipa.

Hesabu hiyo ya miezi ndiyo inayonifanya niwatazame tena mabaharia wetu wa zamani. Mara nyingi husemwa kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi walisalimika kwa sababu ya chakula chao. Sikubali. Tende hazina vitamini C ya maana, wala papa mkavu, wala wali. Baharia wa jahazi aliyekula vitu hivyo miezi mitatu mfululizo angevimba fizi kama Mreno. Kilichomlinda ni ratiba. Kusi ilimpeleka na kaskazi ilimrudisha, na kila safari ilikuwa ya wiki kadhaa, nyingi zikipita pwani kwa pwani, bandari hadi bandari, penye malimau, mboga na maji. Aliyengoja msimu wake alifika kabla akiba ya mwili haijaisha. Hakuna aliyeyapanga hayo kwa ajili ya kiseyeye, bali yalitokana na upepo.

Da Gama mwenyewe aliuonja upepo huo kwa pande zote mbili. Alikimbia Mombasa, akafika Malindi sikukuu ya Pasaka ikikaribia, akapewa malimu wa kumwongoza, akaondoka tarehe 24 Aprili kusi ikianza kushika. Tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Safari ya siku zisizofika 30, na shajara haina kilio cha wagonjwa. Kurudi kulikuwa hadithi nyingine. Baada ya kugombana na mtawala wa Calicut, Wareno hawakuwa na subira ya kungoja. Waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba 1498, kaskazi ikiwa haijaanza. Nahodha yeyote wa Malabar, Shihri au Malindi angewaambia wakae. Waliingia katikati ya bahari wakakutana na shwari, kisha pepo za mbisho, kisha shwari tena. Kuvuka kulikochukua chini ya mwezi mmoja wakati wa kwenda sasa kulichukua miezi mitatu kasoro siku chache.

Fizi zilifunika meno tena. Miguu ilivimba, uvimbe ukapanda mwili mzima, watu wakafa bila ugonjwa mwingine wowote. Mwandishi anahesabu waliokufa katika mvuko huo kuwa 30, juu ya wengine kama hao waliokwisha kufa kabla. Kila merikebu ilibakiwa na watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi, na hao nao hawakuwa wazima. Mwanzoni mwa Januari 1499 waliiona Mogadishu. Tarehe 7 waliingia Malindi.

Safari hii hawakungoja zawadi. Mkuu wa msafara alimtuma mtu kwa mfalme wa Malindi kuomba machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani sana. Hapa nataka tusimame kidogo. Miezi tisa kabla, walisema wameponywa na hewa. Sasa wagonjwa wenyewe, watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, walikuwa wanalilia machungwa, na mkuu wao akaona inafaa kuyaomba kabla ya mengine. Mwili ulikuwa umekumbuka jambo ambalo kalamu haikuliandika. Mfalme aliyaleta siku ya pili, pamoja na matunda mengine na kuku na mayai. Wengi walikuwa wamechelewa. Kiseyeye kikishafika kwenye moyo, mgonjwa huweza kufa ghafla hata chungwa likiwa mkononi. Walikufa hapo hapo Malindi. Na shajara ikaeleza sababu: hali ya hewa ya mahali hapa haikuwafaa.

Hewa iliyoponya Mombasa ikawa imeua Malindi, mwendo wa siku moja kwa tanga. Simcheki mwandishi. Elimu ya tiba ya Ulaya wakati wake ilifundisha kwamba magonjwa yanatokana na hewa na mizani ya majimaji mwilini, naye aliandika alichofundishwa. Siku chache baadaye, watu wakiwa hawatoshi kuendesha merikebu tatu, waliichoma moto São Rafael kwenye mafungu ya kusini mwa Mombasa na kugawana mabaharia wake. Paulo da Gama, ndugu yake Vasco, alifia visiwa vya Azores njiani kurudi nyumbani. Walioiona tena Lisbon hawakufika nusu ya walioondoka.

Mwaka uliofuata, Agosti 1500, msafara wa Pedro Álvares Cabral ulipita Malindi, na safari hii mwandishi wa habari zake alisema waziwazi kwamba baadhi ya wenye ugonjwa huo walipona kwa machungwa ya mfalme. Basi dawa ilikuwa imejulikana, imeandikwa, imerudi Ureno. Mtu angetarajia hadithi iishe hapo. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na ingechukua zaidi ya miaka 400.

Mwingereza James Lancaster alitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591 na kukaa hadi Februari 1592. Meli yake, Edward Bonaventure, ndiyo ya kwanza ya Kiingereza inayojulikana kufika huko. Safari hiyo ilimmalizia watu kwa kiseyeye. Alipotumwa tena mwaka 1601, akiongoza meli nne za kwanza za Kampuni ya Mashariki ya India, alibeba chupa za maji ya limau katika meli yake mwenyewe, na kila asubuhi kila baharia alipewa vijiko vitatu kabla ya kula kitu. Walipofika kusini mwa Afrika, meli nyingine tatu zilikuwa na wagonjwa wengi kiasi kwamba watu wa Lancaster walilazimika kwenda kuwasaidia kushusha matanga. Mwaka 1617 daktari John Woodall aliisifu dawa hiyo katika kitabu cha matabibu wa melini. Kisha ikafifia. Limau lilikuwa ghali, liliharibika, na hakuna aliyeweza kueleza linafanya nini. Wengine walisema uchachu ndio dawa, na kama ni uchachu, siki ni rahisi zaidi. Wengine walishikilia kwamba kiseyeye ni ugonjwa wa wavivu: mtu analala, damu inaganda, anaoza. Uchovu ni dalili ya kwanza ya kiseyeye, kwa hiyo waliochapwa ili wachangamke walikuwa tayari wanakufa.

Balaa lililowaamsha Waingereza ni la George Anson, aliyeondoka mwaka 1740 kwenda kuwapiga Wahispania katika Pasifiki. Kati ya watu wapatao 1,900 walikufa zaidi ya 1,300, wengi mno kwa kiseyeye. Risasi za adui ziliua wachache tu. Kasisi wa msafara huo alieleza habari ya mzee mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne huko Ireland mwaka 1690. Miaka 50 baadaye, katikati ya bahari, jeraha lile lililopona zamani lilifunguka, na mfupa uliounga ukaachana kana kwamba haujawahi kuunga.

James Lind alikuwa tabibu wa meli ya Salisbury, kijana Mskoti ambaye hakuwa amehitimu chuo kikuu. Tarehe 20 Mei 1747 aliwachukua wagonjwa 12 waliofanana hali, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa mvinyo wa matofaa. Wawili matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Wawili siki. Wawili, maskini, maji ya bahari. Wawili mchanganyiko wa kitunguu saumu, haradali na viungo vingine. Na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha siku ya sita. Mmoja wa waliokula matunda alikuwa amerudi kazini, na mwenzake alikuwa mzima kiasi cha kufanywa mwuguzi wa wengine kumi.

Jaribio hilo husifiwa leo kila mahali, na linastahili. Lakini kitabu alichokitoa Lind mwaka 1753, chenye kurasa zaidi ya 400, kililipa jaribio hilo kurasa chache tu. Zilizobaki zilijaa nadharia yake ya unyevu wa baharini unaoziba vinyweleo. Alikuwa ameliona jibu kwa macho yake na bado aliilaumu hewa. Kosa lake lililogharimu zaidi lilikuwa la jikoni. Kwa kuwa matunda huoza, alishauri maji yake yachemshwe taratibu kwa saa nyingi mpaka yawe mazito, yatiwe chupani, yahifadhiwe miaka. Ladha ilibaki, rangi ilibaki. Vitamini iliondoka, kwa kuwa joto huiharibu. Waliojaribu dawa hiyo ya chupa waliona haiponyi, wakahitimisha kwamba malimau hayana lolote. James Cook naye, ambaye mabaharia wake walisalimika kwa kula kabichi chachu na majani mabichi kila waliposhuka nchi kavu, alirudi akisifu kimea cha shayiri, ambacho hakikuwa na msaada wowote. Wakubwa walimwamini Cook.

Lind aliteuliwa mganga mkuu wa hospitali ya Haslar mwaka 1758. Mwaka 1780 hospitali hiyo hiyo ilipokea wagonjwa 1,457 wa kiseyeye. Alikufa 1794, mwaka mmoja tu kabla ya jeshi la wanamaji la Uingereza kukubali, kwa shinikizo la daktari Gilbert Blane, kumgawia baharia maji ya limau kila siku. Blane hakuwa na nadharia bora kuliko ya Lind. Alikuwa na cheo, na alijuana na wakubwa. Miaka kumi hivi baadaye, wagonjwa wa kiseyeye Haslar walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ungedhani sasa ndiyo imekwisha. Katikati ya karne ya 19 Waingereza waliacha malimau ya Mediterania wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi, kwa kuwa zilikuwa chachu zaidi na za kwao. Ndimu ina nguvu kama robo tu ya limau dhidi ya kiseyeye, na maji yake yalipitishwa katika mabomba ya shaba, madini yanayoiharibu vitamini hiyo upesi. Hakuna aliyegundua, kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Ratiba ilikuwa inawalinda, sawasawa na manahodha wa kusi na kaskazi. Ukweli ulidhihirika pale tu mwanadamu aliporudi kukaa miezi bila chakula kibichi. Msafara wa George Nares kwenda Ncha ya Kaskazini, 1875 hadi 1876, ulikuwa na ndimu za kutosha melini na bado ukaangushwa na kiseyeye. Wataalamu walitafuta sababu mpya: sumu ya nyama iliyoharibika ndani ya makopo. Robert Scott alikwenda Antaktika mwaka 1901 akiwa ameshika nadharia hiyo, akakagua makopo yake kwa uangalifu mkubwa, na watu wake wakaugua. Waliokolewa na nyama ya sili wa kuwindwa, bila kujua kwa nini.

Wakati huohuo ugonjwa wa mabaharia ulikuwa umeingia vyumba vya watoto wa matajiri. Thomas Barlow wa London alieleza mwaka 1883 habari za watoto wachanga wenye fizi nyeusi na miguu inayouma kuguswa. Mama maskini alinyonyesha. Mama mwenye uwezo alinunua maziwa ya kopo na vyakula vya unga vya dukani, vilivyopikwa hadi vikapoteza kila kitu.

Waliofungua fundo hawakuwa wakitafuta kiseyeye. Axel Holst na Theodor Frølich, wa Kristiania, mji unaoitwa sasa Oslo, walikuwa wanachunguza beriberi, ugonjwa mwingine wa upungufu. Walihitaji mnyama wa majaribio, wakachagua simbilisi na kumlisha nafaka tupu. Mwaka 1907 walitangaza kwamba simbilisi wao hawakupata beriberi bali kiseyeye, na kwamba kabichi na maji ya limau viliwaponya. Ilikuwa bahati kubwa ajabu. Simbilisi ni mmoja wa wanyama wachache sana ambao, kama sisi, hawajitengenezei vitamini C. Wangemtumia panya, kama ilivyo kawaida leo, wangengoja mpaka kiama. Tangu hapo kila chakula kiliweza kupimwa, na ndipo ndimu zilipoumbuka. Mhungaria Albert Szent-Györgyi aliitoa dutu yenyewe mwaka 1928 bila kuitambua, kisha akaipata kwa wingi katika pilipili nyekundu za mji wa Szeged. Alipewa Tuzo ya Nobel 1937.

Kiasi kinachohitajika kilikuja kupimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko Sheffield, Uingereza, vijana waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri walijitolea miili yao. Waliishi kwa miezi mingi bila vitamini C, wakakatwa vidonda vya makusudi ili ionekane kama vitapona. Vilikataa. Ilibainika kwamba miligramu 10 kwa siku zinatosha kukizuia kiseyeye na kukiponya. Chungwa moja la wastani lina miligramu 60 au zaidi, na pera lina zaidi ya chungwa. Mfalme wa Mombasa alikuwa amewapelekea Wareno dozi ya miezi.

Katika miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka tena, si baharini bali kwenye ukame wa Somalia na Sudan, katika kambi za wakimbizi waliotoka Ethiopia. Mgao wao ulikuwa nafaka, kunde au dengu, na mafuta. Karibu orodha ile ile ya merikebu ya mwaka 1498. Wengi walikuwa wafugaji, watu ambao maziwa ya mifugo yao yaliwatosheleza, na mifugo ilikuwa imekufa. Madaktari waliona kwamba kadiri mtu alivyokaa kambini kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kuwa hatarini. Safari hii sababu ilijulikana tangu siku ya kwanza, na vidonge vilikuwa vya bei ndogo. Tatizo lilikuwa kumfikishia kila mtu kidonge kila juma, kusafirisha matunda jangwani, kupata maji ya bustani ya mboga pale ambapo ya kunywa hayatoshi. Mashirika ya misaada yaliamua kuweka vitamini C ndani ya unga wa uji wa mahindi na soya. Unga huo lazima upikwe, na ukichemka zaidi ya nusu ya vitamini hupotea sufuriani, kama ilivyopotea katika chupa za Lind.